Mstari Uliowaka Bure

Ufunguo wa chumba cha kompyuta niliurudisha Ijumaa, na tangu Jumatatu niko nyumbani Kombewa nikifukuza kuku kwenye mboga. Siku ile ya soda na keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, ninyi mliobaki. Basi naandika. Vyeo nimeviruka. Vimo kwenye faili la wafanyakazi, anayevitaka akavisome huko, na akielewa vilikuwa vinatolewa kwa utaratibu gani aje anieleze na mimi.

Niliingia kile chuo chetu cha Kisumu miaka ya themanini nikiwa mpiga chapa wa idara ya hisabati. Siku ya kwanza nilipewa kurasa kumi na mbili za mwalimu mmoja, zimejaa alama ambazo taipureta yangu haikuwa nazo. Nikauliza nifanye nini. Mama Dorsila, mpiga chapa mkuu, ambaye miwani yake ilishikwa na uzi mweusi, hakuinua hata macho.

"Ruka. Acha nafasi ya kidole kimoja. Baadaye tunachora na kalamu."

Kwa hiyo hisabati ya chuo kile, kwa miaka mingi, nusu yake ilikuwa mwandiko wa Mama Dorsila. Alinifundisha kukaa, kuweka karatasi sawa, na kusoma herufi za madaktari wa falsafa. Zaidi ya yote alinifundisha kusahihisha. Ukurasa haurudiwi kwa sababu ya kosa moja, alisema. Unapaka dawa nyeupe, unapuliza, unapiga herufi sahihi juu yake, unaendelea na safari. Somo hilo nililishika kuliko mengine yote, na ndilo lililokuja kunitia matatani.

Kompyuta zilipofika, kwanza mbili kisha nne, walimu wengi walizizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe bila nia ya kumnunua. Aliyekuja kuzitumia kweli ni Daktari Ogola, mhadhiri aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la disketi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuanza sentensi na kuimalizia siku ya pili. Aliniita kwa sababu nilikuwa napiga chapa haraka.

"Risper, kuja uone hii kitu. Unaiandikia uthibitisho, mstari kwa mstari. Kila mstari inakwambia imekubali ama imekataa."

"Kwa hivyo inajua hesabu?"

"Haijui. Yenyewe ni kukataa tu."

Hapo nikavuta kiti. Wanaojua hesabu nilikuwa nimewaona wengi, lakini kitu ambacho kazi yake yote ni kukataa sikuwa nimekiona, ukiondoa ofisi ya mhasibu.

Programu ile wanafunzi waliipa jina la Jakom, ambalo kwa Dholuo ni mwenyekiti, kwa kuwa hakuna hoja iliyopita bila yeye. Unamwambia unachotaka kuthibitisha, naye anakuandikia kama lengo. Unampa hatua. Akiikubali, anakuonyesha kilichobaki. Akiikataa, anasema amekataa, hana maneno mengi. Ukifika mahali hakuna kilichobaki, umemaliza.

Daktari alinipa la kujaribia: ukiigeuza orodha, cha mwisho kiwe cha kwanza, kisha ukaigeuza tena, unapata orodha ile ile ya mwanzo. Nikacheka. Mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Nilikaa nalo siku tatu. Jakom hakutaka kusikia kwamba jambo liko wazi, alitaka nianze na orodha isiyo na kitu, kisha nimwonyeshe kwamba ikiongezwa kitu kimoja mambo hayaharibiki. Kila nilipokwama aliniandikia kilichobaki, nami nilikuwa nakitazama hadi chai inapoa. Siku ya tatu kilichobaki kikawa hakuna. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, tena hesabu ilikuwa ndiyo iliyoniangusha. Nilitoka nje nikatembea hadi geti na kurudi kwa sababu sikujua nimwambie nani.

Shida ilikuwa moja. Jakom alipokea mstari mmoja mmoja kama telegramu, na mstari ukishapita huwezi kuuona tena vizuri. Uthibitisho wa mistari mia ulikuwa kwenye daftari lako, kwa penseli, kila mstari umetiwa alama ya vema. Kisha kulikuwa na radi. Mnajua mvua ya saa tisa ya Kisumu. Ngurumo ikisikika upande wa ziwa, sheria ya chumba ilikuwa kuchomoa kila kitu ukutani, awe profesa awe nani. Mvua ikipita, unaanza kumpigia Jakom mistari yako upya kutoka kwenye daftari.

Kupiga tena kitu nilichokwisha kupiga, hilo mpiga chapa hawezi kulivumilia. Tulikuwa na kihariri, ile programu ya kuandikia maandishi, na Daktari Ogola alinionyesha kwamba mtu anaweza kukiongezea kazi mpya akijua lugha yake. Akanipa kitabu cha maelezo kilichotolewa fotokopi, kurasa za katikati zimepinda. Nilijifunza kwa miezi saba. Wiki nzima iliisha kwa sababu ya mabano yaliyokosa mwenzake.

Kilichotoka kilinipa fahari, nakiri. Skrini ya kijani niliigawa mara mbili. Juu ni uthibitisho wako wote, unausoma kama ukurasa. Chini ni dirisha la Jakom, na ndani yake yale yaliyobaki. Unabonyeza vitufe viwili, mstari unaofuata unapelekwa kwake, na akiukubali unawaka: herufi nyeusi juu ya kijani. Kwa hiyo ulijua kwa jicho tu umefika wapi. Jioni kumbukumbu ya Jakom ilihifadhiwa kwenye disketi pamoja na alama ya mstari wa mwisho uliowaka, na asubuhi uliendelea pale pale. Hakuna aliyeanza mwanzo tena. Na mtu akiona amekosea herufi kwenye mstari uliokwisha kuwaka, niliruhusu arudi juu, asahihishe, aendelee na safari. Mstari uliendelea kuwaka.

Hayo ya mwisho niliyapenda kuliko yote. Wanafunzi waliniita Mama Risper kuanzia mwaka ule, na hata Daktari Ogola alisema, "Hii ni kazi safi," sentensi nzima kwa siku moja.

Akinyi alikuja kwetu miaka ya tisini kufanya shahada ya pili. Alikuwa msichana wa Asembo Bay, mama yake muuza samaki. Mbishi, mwenye kicheko cha ghafla, na alikuwa anazungumza na Jakom kwa sauti. "Wewe, sasa hapo unakataa nini?" Alikuwa akithibitisha njia ya kupanga orodha kutoka kidogo hadi kikubwa: unaigawa nusu mbili, unapanga kila nusu, kisha unaziunganisha kwa kulinganisha vya mbele. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimempa nafasi ya kuendelea na masomo, kwa sharti kwamba matokeo yake yafike kabla ya mwisho wa mwezi wa mtihani. Yasipofika, nafasi inapewa mwingine. Barua ile aliibandika juu ya meza yake.

Katikati ya kazi Daktari Ogola alisoma mstari wa tisa, ule uliosema maana ya orodha kupangwa.

"Akinyi, hapa unasema tu vitu vifuatane vizuri. Sasa mama yako akimwaga samaki wote kwa maji, karai haina kitu, na hakuna samaki amekaa vibaya. Imepangwa?"

Akinyi akacheka hadi akashika meza. "Imepangwa, Daktari, lakini mama atanichapa." Akarudi juu, akaongeza kwenye mstari wa tisa kwamba vyote vilivyoingia lazima vitoke, kila kimoja kwa idadi yake. Mstari ukabaki unawaka. Akaendelea, na miezi miwili baadaye mistari yote mia moja hamsini na miwili ilikuwa inawaka. Tulikunywa soda.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mtahini wa nje afike kutoka Nairobi, na kitabu cha tasnifu ya Akinyi kilikwisha kupelekwa kwake. Daktari alitaka kiambatisho chenye majibu yote ya Jakom, na ili kuyachapa ilibidi uthibitisho upitishwe kwake kutoka mstari wa kwanza. Nilikaa asubuhi, nikaanza kubonyeza. Mstari wa thelathini na moja, Jakom akakataa.

Nilidhani ni disketi. Huku kwetu disketi huota ukungu kama mkate. Nikachukua nyingine, akakataa pale pale. Nikafungua faili jipya, nikaandika mistari mitatu ya kitoto, nikaipitisha yote. Kisha nikarudi kwenye wa kwanza, nikaufuta, na mahali pake nikaandika jina la mume wangu.

Jina la mume wangu likawaka, limethibitishwa.

Kihariri changu kilibadilisha maandishi ya skrini tu. Jakom hakuambiwa kitu. Miezi miwili Akinyi alisoma mstari mpya wa tisa, naye Jakom alishikilia ule wa zamani, wa karai tupu, na kila alichokubali alikikubali kwa maana hiyo. Nilikuwa nimepaka dawa nyeupe juu ya uthibitisho. Kwenye barua herufi moja ikibadilishwa, zilizo chini yake hazidhuriki. Kwenye uthibitisho kila mstari umesimama juu ya ile iliyotangulia, ukigusa mmoja hujui tena yaliyo chini yake yamesimama juu ya nini. Nilikuwa nimepitisha mikononi mwangu mistari mingi ajabu bila kujiuliza jambo hilo.

Nitasema na hili, kwa kuwa nimestaafu: nilifikiria kunyamaza. Karatasi iliyochapishwa haionyeshi kinachowaka na kisichowaka. Watahini wa siku hizo walisoma kitabu, hawakugusa mashine. Msichana angeenda zake ng'ambo, nami ningerekebisha kihariri kimya kimya. Nilikaa na wazo hilo hadi saa ya chakula, na chakula hakikupita. Nikamwita Akinyi kando ya printa.

Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Madam, ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka, nyathina, mwanangu. Mimi ndiye niliyeiacha iwake."

"Mimi sikuwa naangalia kitu ingine. Nilikuwa naamini hiyo tu." Akashika ukingo wa printa. "Yawa, kitabu kimeenda. Prof ako nayo. Sasa mimi nitaambia watu nini?"

Akaondoka. Siku hiyo na iliyofuata hakunisalimu, akipita mlangoni anaangalia ukuta. Iliniuma, na nilistahili.

Siku ya tatu Daktari Ogola alituweka wote wawili mbele ya mashine. Hakumlaumu mtu. "Tuone kimebaki nini," alisema. Nikapitisha mistari thelathini, tukafika pale pa kukataliwa, tukarudi hatua moja. Dirisha la chini likaonyesha kwamba kilichobaki ni hali moja: kitu cha mbele cha nusu hii na cha mbele cha nusu ile vikiwa sawa.

Akinyi aliinama karibu na skrini. Midomo ilikuwa inacheza.

"Wakiwa sawa," alisema polepole. "Samaki wawili, uzito moja. Mimi nachukua moja, halafu..." Akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akanitazama. "Madam, ile ingine naitupa. Njia yangu inatupa samaki."

Hapo ndipo tulipoelewa. Si uthibitisho pekee uliokuwa mbovu, njia yenyewe ilikuwa mbovu. Ungeipa orodha yenye vitu viwili vinavyolingana, kimoja kingepotea. Jakom angemwonyesha hayo siku ile ile alipobadilisha mstari wa tisa, kama mimi nisingekaa katikati yao. Nilidhani atalia. Alikuwa amekwisha kuvuta kibodi.

Mimi nilichukua siku nne kutengeneza kihariri upya. Sheria ikawa hii mnayoijua hadi leo: ukigusa mstari unaowaka, huo na yote iliyo chini yake inazimika, na Jakom anarudishwa nyuma hadi hapo. Wanafunzi walinung'unika kweli. Mmoja aliniambia nimeharibu kitu kizuri. Nikamwambia akae na huzuni yake, itampita.

Akinyi alirekebisha njia kwa muda mfupi, uthibitisho ndio uliomla siku zilizobaki. Asubuhi ya mtihani mistari mia moja na arobaini ilikuwa inawaka, ya kweli. Mstari uliofuata ulikuwa umemkatalia kwa siku mbili.

Profesa Njoroge, mtahini wa nje, alikuwa mzee nadhifu, suti ya kijivu, kitabu cha Akinyi kimejaa vipande vya karatasi. Yeye na Daktari Ogola walikaa chumba cha kompyuta kwa kuwa Akinyi aliomba. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya mashine. Akinyi alisimama akasema kitu cha kwanza kabisa:

"Profesa, kitabu inasema uthibitisho imekamilika. Haijakamilika. Na njia iliyo kwa sura ya tatu ina makosa. Niko na karatasi ya marekebisho."

Profesa akavua miwani. "Mbona uliandika imekamilika?"

Niliona Akinyi akitafuta maneno ya kunificha. Nikasimama. "Profesa, ni kosa langu. Mimi ndiye niliyetengeneza kihariri, na kilimdanganya." Nikaeleza yote, pamoja na jina la mume wangu. Sikuwa nimewahi kuzungumza mbele ya mtahini, ukiacha kuuliza kama anaweka sukari.

Alinitazama, akatazama skrini. "Hebu tuone hapo imekwama."

Akasogeza kiti. Akasoma kilichobaki mara mbili. Akavua koti. "Hii ni rahisi, andika hivi," akasema, akampa Akinyi hatua. Jakom akakataa. Akampa nyingine, ikakataliwa.

"Imenikataa mimi?"

"Hukataa kila mtu, Profesa," Akinyi akasema.

Kuanzia hapo sijui kama ule ulikuwa mtihani tena. Vichwa vitatu kwenye skrini moja, Daktari Ogola akianza sentensi na Profesa akizimalizia, chai inakuja inapoa. Kitu kilichobaki kilidai kwamba vilivyotoka ni vile vile vilivyoingia, nao walikuwa wanajaribu kukifuata kila kimoja kilikopita wakati nusu zinaunganishwa. Mwishowe Akinyi akarudi nyuma na kiti chake.

"Sisi tunafuata samaki. Mama hafuati samaki. Akichanganya karai mbili, anahesabu: ngege ngapi hapa, ngapi kule, jumla ngapi." Akaandika hoja ndogo: idadi ya kitu chochote katika nusu mbili zilizounganishwa ni idadi yake huku ukijumlisha na kule. Jakom akaikubali kwa hatua nne. Akaitumia pale palipokwama. Mstari ukawaka, na uliofuata, na uliofuata, hadi wa mwisho.

Profesa alipiga meza kwa kiganja. "Sawa. Toka nje kidogo, sisi tuamue," akasema, maana ndivyo ilivyo desturi, na mkono mwingine tayari unatafuta kalamu ya kutia sahihi.

Akinyi hakunyanyuka.

"Bado, Profesa. Naomba tuanze kutoka juu."

Profesa akatazama saa, dereva wake alikuwa anamsubiri nje. Kisha akaweka kalamu chini na kuketi. Nilimfungua Jakom upya, hana kumbukumbu ya kitu chochote, nikaweka vidole kwenye vitufe viwili. Akinyi akauondoa mkono wangu polepole, akabonyeza mwenyewe. Mstari wa kwanza ukawaka. Ilichukua dakika arobaini na kitu, na hakuna aliyetoka. Mstari wa tisa ulipopita alipumua. Ule wa samaki wawili Jakom aliufikiria hadi Daktari Ogola akafumba macho, kisha ukawaka.

Wa mwisho ulipowaka nililia, wala sioni haya kulisema. Akinyi hakunitazama mimi wala Profesa. Alitazama dirisha la chini, ambalo halikuwa na neno hata moja, akalisoma polepole kutoka juu hadi chini.